Majani anachuma mama, simu inayolia ni ya mzee

Ukitaka kujua chai ya Kericho na Bomet inachumwa na nani, amka mapema upite barabara ya Litein kwenda Kapkatet. Hao unaowaona na vikapu mgongoni na plastiki imefungwa kiunoni kuzuia umande, wengi ni akina mama. Na ukitaka kujua pesa ya hiyo chai inaenda kwa nani, ngoja bonasi itoke mwezi wa kumi, kisha uketi kando ya kibanda cha ajenti siku ya soko. Utaona wazee wetu wamepanga foleni. Akina mama wako pia, lakini wamesimama kando wakingoja.

Mimi ni mtoto wa huko. Nimechuma majani kabla ya kwenda shule, nimebeba gunia mpaka kituo cha kununulia, nimengoja lori la kiwanda hadi giza. Baadaye nikasomea masoko chuo kikuu, na sasa kazi yangu ni kuwaeleza watu kama nyinyi jinsi ya kutumia simu kulipa na kulipwa. Kwa hivyo ninachosema hapa kinatuhusu hata sisi wa ofisini. Tunapenda sana ile picha ya mama wa shambani anatabasamu na simu mkononi. Tunaibandika kila mahali. Lakini ni mara ngapi tumeuliza hiyo laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani?

Niliuliza mwaka jana. Tulikuwa na kikao na chama cha akina mama upande wa Konoin, kama watu thelathini hivi, chini ya mti karibu na kanisa. Nikasema, kila aliye na laini ainue mkono. Wote wakainua. Nikasema, aliyesajili kwa kitambulisho chake mwenyewe aendelee kuinua. Mikono ikashuka, ikashuka, nikabaki na nusu. Laini nyingine ni za mzee, nyingine za mtoto wa kiume aliye Nairobi, moja ilikuwa ya shemeji ambaye hata hawasalimiani siku hizi.

Mama mmoja akabaki nyuma baada ya kikao. Akaniita kando, "Mwanangu, hiyo maneno yako imenipata nikiwa nimeshaumia."

Yeye hulea miche ya chai. Alianza na pesa ya maziwa ya jioni. Kama wewe si wa kwetu, nikueleze: katika maboma mengi ya Wakipsigis maziwa ya asubuhi ni ya mzee, yanapelekwa kwa deri na pesa inaingia mwisho wa mwezi, lakini maziwa ya jioni ni ya mama. Ya mursik, ya watoto, na yakibaki anauza kwa jirani. Mzee haulizi. Kwa hiyo pesa akanunua karatasi za plastiki za kuoteshea, akajaza udongo, akakata vipandikizi, akajenga kivuli kwa miti na matawi. Miche ya chai si kabichi. Inakaa kitaluni miezi mingi, na mtu akiipanda anangoja kama miaka mitatu ndiyo achume vizuri. Ni biashara ya subira. Ile chai ya zambarau, TRFK 306, ambayo watafiti wa Kericho waliitoa mwaka 2011, ilipoanza kuulizwa, yeye pia akatafuta vipandikizi vyake. Wateja wakaanza kutoka hadi Sotik. Wanalipa kwa simu.

Laini ilikuwa ya mzee. Si kwa ubaya. Wakati waliponunua simu ya kwanza, kitambulisho chake yeye kilikuwa kimepotea, mzee akasema weka jina langu tu, tutabadilisha. Hawakubadilisha. Mzee akafariki. Laini ikaendelea kufanya kazi, kwa hivyo hakuna aliyewaza. Mpaka siku simu ilipoanguka mtoni akivuka, na ndani yake kulikuwa na elfu thelathini na kitu za oda ya miche.

Alipoenda kutengenezewa laini mpya akaambiwa mwenye laini aje na kitambulisho. Mwenye laini yuko kaburini. Akaambiwa basi, lete cheti cha kifo na hati za urithi. Hati za urithi ni mahakama, ni barua ya chifu, ni ndugu wa mzee wote wakubaliane. Kwa pesa ambayo hata haikuwa ya marehemu! Miezi ikaenda. Wateja wanapiga ile nambari hawampati, wakadhani amekula pesa yao. Hiyo ndiyo ilimuuma kuliko yote. Alipata kuwapelekea miche yao wachache aliojua wanakoishi. Wengine hakuwajua ila kwa nambari, na nambari zilizama na simu.

Sasa, kuna watu watasema sheria ya kuuliza kitambulisho ni mbaya. Mimi sikubali. Bila hiyo, mtu yeyote angekuja na hadithi aondoke na laini yako. Kosa lilikuwa nyuma kabisa, siku ile ya "weka jina langu tu".

Mwaka 2007, huduma ya kwanza ya kutuma pesa kwa simu ilipoanza hapa Kenya, mama mmoja mbali sana, mkoa wa Herat huko Afghanistan, alianzisha kampuni ya zafarani. Anaitwa Shafiqeh Attai. Zafarani ni ule uzi mwekundu unaotiwa kwenye pilau ya wenye uwezo. Kila ua lina nyuzi tatu tu, na inachukua maua kama 150,000 kupata kilo moja kavu. Yanachumwa kwa mkono, asubuhi na mapema, ndani ya wiki chache za mwaka. Sisi tunaolalamika kwamba kilo moja ya chai kavu inataka karibu kilo nne na nusu za majani mabichi, tunyamaze kidogo. Wachumaji wa Herat wengi ni wanawake, kama huku. Lakini Attai hakuishia kuchuma. Alitaka kampuni ambayo wanawake ndio wanachuma, wanakausha, wanapakia na kuuza nje. Jina kwenye paketi liwe la kampuni ya wanawake.

Agosti 2021 Taliban wakarudi madarakani. Wanawake wengi wakafungiwa nje ya kazi zao, na benki zikaweka kikomo cha pesa ambayo mtu anaweza kutoa kwa wiki. Yeye akabaki, akasema hadharani kwamba hatanyamaza. Mimi huwa namfikiria huyo mama. Mahali ambapo mwanamke kufanya kazi ni jambo la kubishaniwa, alihakikisha biashara iko kwa jina lake. Sisi huku hakuna anayetukataza. Katiba ya 2010 inasema mume na mke wana haki sawa ndani ya ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi ya shamba kuwa mchango wa mtu katika mali, hata kama hakuleta shilingi. Hiyo ni sheria, imeandikwa. Na bado mama anachuma kuanzia Januari hadi Desemba kwa nambari ya mkulima ya mzee, ujumbe wa benki unaingia kwa simu ya mzee, na yeye anaomba pesa ya chumvi.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalioni, na kwa kazi yangu naliona kila siku. Mikopo ya simu haiangalii nani ana mikono yenye sugu. Inaangalia pesa imepita kwa laini gani. Kila bonasi, kila malipo ya mwezi, kila mteja wa miche aliyelipa kwa laini ya mzee, amemjengea mzee limiti. Mama akienda kuomba mkopo wa kununua mbolea anaambiwa ana uwezo wa mia tano. Mia tano! Miaka ishirini ya kuchuma, na kwa macho ya mtambo huyu ni mtu aliyezaliwa jana.

Najua nitaambiwa nini. Mjomba wangu ameshaniambia, tena mbele ya watu: "Nyinyi watoto wa chuo mnataka kuvunja maboma." Nikamuuliza, mjomba, ukimwandika kijana kutoka nje akuchumie, unamlipa? Akasema, kwa kilo, kila mtu anajua. Unamlipa vipi? Kwa simu. Kwa simu ya nani? Akacheka, maana aliona ninakoenda. Shangazi anachuma kilo nyingi kuliko huyo kijana na halipwi hata moja. Sisemi mzee anyang'anywe nambari ya mkulima. Nasema mke anayechuma alipwe kama mchumaji mwingine, kwa kilo zilizoandikwa na karani, kwa laini yake. Maziwa yana ya jioni. Chai nayo iwe na yake.

Wapo wazee waliokwenda mbali zaidi. Najua boma mbili ambako mzee aligawa mashina, mama akafanyiwa nambari yake ya mkulima, na sasa kila mtu anapata bonasi yake. Hakuna boma iliyovunjika hapo. Kiwanda chenu kina utaratibu wake wa jambo hilo, ulizeni ofisini.

Halafu kuna wale wasio na shina hata moja, wanaochuma kwa mashamba makubwa. Mei 2023 watu waliandamana Kericho, mashine za kuchuma chai zikachomwa moto, kwa sababu mashine moja inachukua kazi ya watu wengi. Mimi sikufurahia moto, lakini hasira niliielewa. Wengi wa waliokuwa wanaishi kwa hicho kikapu ni wanawake wenye watoto, na mashine hazirudi nyuma. Mama kama huyo ataanza kitu kingine: miche, kuku, mitumba, kibanda cha chapati. Akianzisha kwa laini ya mtu mwingine anajenga nyumba kwa shamba la mtu mwingine.

Kwa hivyo leo, kabla hujalala, piga *106# uone ni nambari gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ni bure na hata kabambe inafanya. Kama nambari unayotumia kila siku haiko hapo, basi kisheria si yako, hata kama umeitumia miaka kumi na tano. Mwenye jina akiwa hai na mnaelewana, nendeni wote wawili na vitambulisho vyenu mkaulize namna ya kuihamisha. Fanyeni wiki hii, si baada ya mavuno. Ukiwa na biashara, hata ya miche hamsini, chukua nambari ya till kwa jina lako ili pesa ya wateja isichanganyike na ya nyumbani. Na nambari za wateja ziandike kwa daftari. Ndiyo, daftari, na kalamu. Nafanya kazi ya simu na bado nakuambia daftari.

Kuhusu PIN, hapa najua nitagombana na wengi. Kumpa mwenzako PIN si upendo. Ukitaka kumwonyesha upendo mwambie una pesa ngapi, kaeni chini mpange pamoja. Lakini kidole kinachobonyeza kiwe chako.

Yule mama wa Konoin alipata pesa yake mwishowe, baada ya kuzunguka sana. Ana laini mpya, kwa jina lake. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe, wa kwanza kutoka nambari hiyo: ana miche elfu mbili tayari, na kama najua mtu anayetaka, alipe kwa hii, ile ya zamani niifute.