Msivivue Viti vya Peugeot ya Babu

Bi harusi akitaka kupanda Peugeot 404 ya babu, gari lililoanza kuundwa 1960, fundi hukimbilia kuvua vinaili ya viti na kuvisha mpya. Mimi nakataa. Kutupa kitu kizima ni israfu, na ile ya asili kuipata tena ni kazi. Mara nyingi ni uchafu tu: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, brashi laini kwenye mishono, kisha kitambaa kikavu. Jiki msitie, inakula nyuzi. Na ile dawa ya kung'arisha, jamani! Kiti kinateleza, mafuta yanahamia kwenye shela. Palipochanika patiwe kiraka kwa ndani. Gari lilale kivulini, jua ndilo linaloipasua vinaili.