Kabla ya Kwenda Kupunguza Tumbo, Tafuta Kwanza Watu Watatu

Picha huwa zilezile. Kushoto staa ana mashavu na gauni limembana, kulia ni yeye yuleyule miezi minane baadaye, jinzi inapwaya na kiuno kimerudi. Chini yake komenti zinamiminika. "Dada ulifanyia wapi?" "Bei gani jamani?" "Hapo hamna mazoezi wala nini, hilo ni puto." Na hakosekani yule wa kuharibu shughuli: "Mbona amekonda hivyo, kwani anaumwa?"

Kwenye komenti zote hizo hakuna anayeuliza kitu kimoja cha maana. Kabla ya hiyo picha ya kulia, huyu mtu alikuwa anaishi na nani, na nani alikuwa anampikia?

Linaonekana swali la umbea, lakini ndilo linaloamua kama picha ya kulia itadumu. Wabongo wanajua kuulizia daktari na bei. Watu wa kumsindikiza mgonjwa wanakumbukwa mwishoni, au hawakumbukwi kabisa.

Puto lenyewe si siri tena. Kufikia 2023, kila aliyefuatilia habari za mjini alikuwa ameshasikia kwamba Muhimbili Mloganzila, kule Kibamba, wanaweka puto tumboni, na kuna mastaa waliokwenda na kusema wazi bila kujificha. Profesa Mohamed Janabi naye, alipokuwa anaiongoza Muhimbili, alizungumzia sukari, wanga na vitambi mpaka mitandao ikamgeuza utani wa mezani: ukishika chipsi tu, unaambiwa Janabi anakuona. Mwaka 2025 akachaguliwa kuiongoza kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani. Utani ukabaki, na chipsi zikabaki.

Tatizo lenyewe si la mastaa peke yao. Utafiti wa afya ya jamii wa Tanzania wa 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupitiliza. Ni zaidi ya mmoja katika kila wanne. Kwenye daladala moja ya kwenda Bagamoyo, wapo wa kutosha.

Mchukulie dada mmoja wa Mapinga, wa mfano tu, ingawa wa aina yake wamejaa kuanzia Bunju mpaka Kerege. Ana miaka 31, urefu sentimita 160, uzito kilo 95. Ukipiga hesabu ya BMI, yaani kilo ukigawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 37. Kuanzia 30 huo ni unene wa kupitiliza. Presha imeanza kupanda, magoti yanalalamika. Anatoka kazini Mwenge saa kumi na moja, foleni ya Tegeta inamla, anashuka kituoni saa mbili usiku. Njaa inauma, na kibanda cha chipsi kiko hatua kumi kutoka kituoni. Ameshajaribu dayati nne. Zote zilifanya kazi kwa wiki sita, kisha kilo zikarudi na wageni.

Huyu akiamua kwenda hospitali, asiitwe mvivu. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa na madaktari wa upasuaji huu mwaka 2022 unasema mwenye BMI ya 35 na kuendelea anaweza kufikiriwa kwa upasuaji hata kama hana ugonjwa mwingine, na mwenye 30 hadi 34 anaweza kufikiriwa akiwa na maradhi kama kisukari. Mwili ulioshazoea uzito mkubwa unapigana kuurudisha: njaa inaongezeka, matumizi ya nguvu yanapungua. Anayemwambia "funga mdomo tu" hajui anachokisema.

Lakini naye asidanganywe kwamba kuna njia ya mkato.

Vitu vyenyewe vinachanganywa sana. Puto si upasuaji. Linaingizwa kupitia mdomoni, linajazwa maji ya kati ya mililita 400 na 700, linakaa tumboni kwa kawaida miezi sita, kisha linatolewa. Siku za kwanza kichefuchefu na kutapika ni kawaida. Likitoka, tumbo linabaki na nafasi yake yote ya zamani. Upasuaji wa kukata tumbo ni kitu kingine: mgonjwa anapigwa nusukaputi, sehemu kubwa ya tumbo, karibu robo tatu au zaidi, inaondolewa, na hairudishwi. Upo pia ule wa kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo.

Vyote vinafanana kwa kitu kimoja. Vinapunguza kiasi cha chakula kinachoingia. Haviwezi kuchagua chakula gani kiingie. Soda inapita vizuri tu kwenye tumbo lililokatwa, aiskrimu pia, na juisi yenye sukari nyingi. Ndiyo maana wapo wanaorudisha kilo baada ya miaka miwili mitatu huku tumbo lao bado dogo.

Kwa hiyo kazi inaanzia jikoni, na inaanza miezi kabla. Tena ukanda huu umebarikiwa. Anayeishi Bagamoyo ana soko la samaki pale ufukweni, ana dagaa, ana pweza, ana kunde na choroko, ana mchicha na tembele la kuchuma nyuma ya nyumba. Baada ya upasuaji, protini ndiyo inayoanza kwenye sahani, kwa sababu nafasi ni ndogo na misuli inahitaji kulindwa. Mtu aliyezoea kuanza na samaki, kisha mboga, kisha wali kidogo, ameshafanya nusu ya mtihani. Samaki yuleyule akizamishwa kwenye karai la mafuta anakuwa habari nyingine. Nanasi la Kiwangwa kipande kimoja ni tunda, lakini likisagwa zima na kuongezwa sukari ni soda ya kienyeji. Na soda yenyewe, chupa ya mililita 350, inabeba sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai.

Kuna mazoea madogo ambayo hayana picha nzuri ya kuposti. Kutafuna taratibu, mlo uchukue dakika ishirini au zaidi. Kutokunywa maji katikati ya chakula, bali kusubiri kama nusu saa. Kuacha sigara na shisha wiki kadhaa kabla, maana zinachelewesha kidonda kupona na zinasumbua mapafu wakati wa nusukaputi. Kutembea kila siku: kutoka Bagamoyo mjini mpaka magofu ya Kaole ni kama kilomita tano, na asubuhi njia ina upepo wa bahari. Karibu na tarehe ya upasuaji, hospitali nyingi humpa mgonjwa mlo mwepesi wa kama wiki mbili, wanga na mafuta kidogo, ili ini lipungue. Ini lenye mafuta hulala juu ya tumbo na kumzuia daktari kuona anachokata.

Hayo yote mtu anaweza kuyasoma kwenye simu. Kuyaishi kwenye nyumba ambayo haijui kinachoendelea ni shughuli nyingine.

Mashaka yenyewe yanaanza na siri. Dada wa Mapinga, kama wengi, anataka kwenda kimyakimya. Nyumbani anaaga ana semina Dodoma. Anarudi wiki ya pili, anatakiwa awe kwenye vyakula vya majimaji na laini. Mama mkwe anafika na bakuli la supu ya kongoro na chapati mbili: "Mwanangu, hiyo Dodoma imekumaliza, kula urudishe mwili." Atasema nini? Akikataa, anamdharau mama mkwe. Akisema ana vidonda vya tumbo, kesho analetewa dawa ya mizizi. Akila ili kulinda siri, anatapika usiku kucha na kidonda kibichi.

Pwani kukataa chakula ni tusi. Kwenye shughuli, sinia la pilau halina mtu mmoja, na anayenawa mikono mapema anaulizwa kama kanuna. Mwezi wa Ramadhani ukifika, futari inaanza na uji, tambi, magimbi, kaimati, na mgeni haruhusiwi kuonja tu. Mtu mwenye tumbo dogo anahitaji kunywa maji kwa vifundo vidogo mchana kutwa, hawezi kufidia kwa jagi moja magharibi. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku zake baadaye, na la kufunga lizungumzwe na daktari pamoja na shekhe mapema. Sasa mtu ambaye hajamwambia yeyote atamwelezaje jirani kwa nini anakula mchana?

Kisha yale mengine yanafuata. Nywele zinaweza kukatika kuanzia mwezi wa tatu. Pombe, kwa anayekunywa, inapanda haraka kuliko zamani. Vitamini na madini vinamezwa maisha yote, hasa B12, chuma, kalsiamu na vitamini D. Wanawake wanashauriwa wasubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba, wakati huohuo kupungua kunaweza kurahisisha mimba kuliko ilivyokuwa. Hilo ni jambo la mume kujua kabla, siyo la kugundua baadaye. Na mtaani, aliyekonda ghafla bila maelezo anapewa maelezo na wengine. Kila mtu anajua ugonjwa utakaotajwa kwanza.

Hakuna anayelazimika kutangaza Instagram. Mwili ni wa mtu, na staa anayenyamaza ana haki yake. Ila kati ya kutangazia wafuasi laki tano na kutomwambia mtu yeyote, pana nafasi ya watu watatu.

Wa kwanza ni anayeshika mwiko nyumbani. Mume, mama, dada, mfanyakazi wa ndani, yeyote anayeamua mafuta yaingie mangapi. Huyu ndiye wa kwenda naye kwa mtaalamu wa lishe, asikie kwa masikio yake. Nyumba ikiendelea kupika chipsi na mgonjwa akapewa matango peke yake, haichukui mwezi. Na huyuhuyu ndiye atakayempokea mama mkwe mlangoni: "Mama, shikamoo. Kwa sasa daktari kamwekea chakula chake, tukae tuongee."

Wa pili ni wa kutembea naye. Ukanda huu haukosi vikundi vya jogingi vya alfajiri ya Jumapili, vyenye jezi, nyimbo na vijana wa kuongoza magari. Mnene anaviogopa kwa sababu anahisi atachekwa. Basi aanze na rafiki mmoja, ufukweni maji yakiwa yametoka, nusu saa siku tano kwa wiki. Inatimia dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kwa mtu mzima.

Wa tatu ndiye adimu: aliyeshapita njia hiyo. Daktari anajua kukata, lakini hajui jinsi inavyokuwa kukaa kwenye kitchen party ukishika kijiko dakika arobaini. Aliyepita anajua. Anajua usiku ule mtu analia kwa sababu alikuwa anakula kila akiudhika, na sasa hasira zimebaki na chakula hakiingii. Mwenye mzigo huo amwone na mwanasaikolojia, tena kabla ya upasuaji. Kukutana na wenzake kunampa kitu kingine, kujua kwamba hajarukwa na akili.

Wanawake wa Pwani hawahitaji kufundishwa kuunda kikundi. Vikoba vinafanya kazi kwa sababu watu wanakutana siku ileile kila wiki, kila mmoja anajulikana kwa jina, na asipofika anafuatwa. Kikundi cha wanaojiandaa kupungua kingeweza kuendeshwa vilevile: watu sita hadi kumi, wengine wanasubiri, wengine wameshafanyiwa, hata waliorudisha kilo wakae humo bila aibu, maana wao wana somo kubwa kuliko wote.

Cha kuangalia ni kimoja. Makundi mengi ya WhatsApp ya "kupunguza tumbo" yana mtu mmoja anayeuza chai, vidonge au mkanda. Kikundi ambacho msaidizi ndiye muuzaji ni duka, na mwenye duka hafurahi mteja akipona. Swali la dawa, kidonda au kutapika liende kwa daktari, hata kama kundi zima lina jibu.

Watasema: kama mtu anaweza kupika vizuri, kutembea na kuwa na kikundi, upasuaji wa nini? Kuna atakayepungua kwa hayo tu, na heri yake, ameokoa mamilioni. Yupo ambaye kwa kilo zake na presha yake hayatatosha, naye ataingia chumba cha upasuaji akiwa na ini dogo, mapafu safi na nyumba inayojua. Katika hali zote mbili, miezi ile haikupotea. Aliyeiruka ndiye anayelipia tumbo jipya na kulirudisha kwenye maisha yaleyale ya kituoni saa mbili usiku.

Kwa hiyo staa mwingine akiposti zile picha mbili, mwenye kilo zake anayetamani aanze na swali tofauti. Bei ataijua tu. Aulize ni nani alikuwa anampikia, nani alitembea naye, na nani alimpokea simu usiku wa kutapika. Kisha ajitazame mwenyewe kama na yeye anao.