Sheria Ifuate Nikotini, Isiishie kwenye Moshi

Sheria za tumbaku katika Afrika Mashariki ziliandikwa wakati adui aliyeonekana alikuwa sigara. Ya Tanzania ni ya mwaka 2003, ya Kenya ni ya 2007. Vita ya wakati huo ilikuwa vita ya moshi: moshi ndani ya daladala na matatu, moshi maofisini, moshi kwenye kumbi za starehe. Vita hiyo imezaa matunda, na walioipigania wanastahili shukrani zetu. Lakini soko halikukaa likisubiri. Leo pamoja na sigara kuna ugoro, kuna shisha, kuna vepu zenye ladha ya embe, kuna vifuko vidogo vyeupe vya kuweka chini ya mdomo. Maumbo ni mengi, uraibu ni mmoja.

Je, bidhaa hizi zote zihukumiwe sawasawa, au kila moja itungiwe sheria yake? Naamini njia zote mbili zina kasoro. Tunachohitaji ni masharti ya msingi yanayoifuata nikotini popote inapojificha, kisha ukali wa ziada unaolingana na madhara ya kila bidhaa.

Tuanze na tofauti, kwa kuwa zipo na ni za kweli. Kinachoua zaidi katika sigara ni kule kuungua. Tumbaku inapowaka hutoa kemikali zaidi ya 7,000, na kadiri ya 70 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Kazi ya nikotini ni kumrudisha mvutaji dukani kesho yake. Kwa hiyo sigara ya kiwandani, msokoto wa karatasi, kiko na shisha vyote ni kundi moja. Shisha imewadanganya wengi kwa sababu moshi wake hupita kwenye maji, wakadhani umechujwa. Maji huupoza tu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtu akikaa kwenye shisha kwa saa moja anaweza kuvuta moshi mwingi mara 100 hadi 200 kuliko wa sigara moja, na hapo hujahesabu kaboni monoksidi inayotoka kwenye makaa.

Kundi la pili halina moshi: ugoro, tumbaku ya kutafuna, kuberi, na tumbaku inayotiwa kwenye tambuu kule pwani. Hapa mapafu hupona, lakini kinywa, koo na kongosho hulipa kwa saratani. Kundi hili ndilo tunalolisahau kuliko yote, na wanaoumia kwa usahaulifu huo ni wanawake. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Kenya mwaka 2014 ulionyesha kuwa wanawake wanaovuta walikuwa asilimia 0.8 tu, ilhali wanaotumia tumbaku isiyo na moshi walikuwa asilimia 3.8. Mama anayenusa ugoro akienda kliniki, ataulizwa kama anavuta sigara. Atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli. Atarudi nyumbani bila kushauriwa lolote.

Kundi la tatu ni la wageni: vepu, yaani sigara za kielektroniki, vifaa vinavyoipasha moto tumbaku bila kuiwasha, na vifuko vya nikotini. Kifuko hakitoi moshi, hakiachi harufu, hakimlazimishi mtu kutema. Mwanafunzi anaweza kuwa nacho kinywani somo zima la hesabu na mwalimu asijue.

Ukitaka kuona undugu wa makundi haya, mtazame mtengenezaji wa ugoro akiwa kazini. Anasaga majani makavu, kisha anatia magadi. Wateja watakwambia magadi huupa ugoro ukali, nao wanasema kweli: magadi huifungua nikotini ipenye haraka kwenye ngozi laini ya pua au mdomo. Chokaa ya kwenye tambuu hufanya kazi hiyohiyo. Watengenezaji wa vepu za kisasa wamekwenda kinyume. Wao hutia asidi, nikotini ikawa chumvi isiyokwaruza koo, hata mtu asiyewahi kuvuta akaweza kuvuta kiasi kikubwa bila kukohoa. Mmoja anatumia kinu, mwingine maabara, lakini shabaha yao ni moja: kuifikisha nikotini kwenye ubongo kwa wepesi. Sheria inayotazama umbo la bidhaa pekee itapitwa kila mara na mtu anayejua kubadilisha umbo.

Wapo wanaosema tukizibana bidhaa mpya tunamnyima mvutaji njia ya kujiokoa. Hoja hii si ya kupuuzwa. Sweden, ambako tumbaku ya kuweka mdomoni iitwayo snus imetumika kwa vizazi, ina wavutaji wachache kuliko karibu nchi zote za Ulaya. Uingereza madaktari huwashauri wavutaji wahamie kwenye vepu, na tafiti zilizopimwa kwa makini zinaonyesha kuwa zimewasaidia wengi kuacha. Mtu aliyevuta pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, akaachana na sigara moja kwa moja na kushika vepu, amepunguza hatari. Anayekanusha hilo hasemi ukweli.

Hata hivyo, dawa inayomfaa mgonjwa haigawiwi kwa mtaa mzima. Uingereza yenyewe ilipiga marufuku vepu za kutumia na kutupa kuanzia Juni 2025, moja ya sababu ikiwa ni jinsi zilivyowavutia watoto. Na hali yetu ni nyingine kabisa. Mwaka 2014 watu wazima waliotumia tumbaku Kenya walikuwa asilimia 11.6. Tanzania, mwaka 2018, walikuwa asilimia 8.7. Karibu watu tisa kati ya kumi hawatumii. Katika nchi za namna hii, muuzaji anayetaka soko kubwa hawezi kulipata kwa wavutaji wanaohama pekee. Atalitafuta kwa vijana ambao hawajaanza, na ladha ya embe au mnanaa haikubuniwa kwa ajili ya mzee wa kiko.

Mambo yaliyotokea Kenya yanatufundisha. Mwaka 2019 vifuko vya nikotini viliingia sokoni kwa jina la Lyft, vikiwa vimesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Mwaka uliofuata Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alipinga usajili huo, akisema bidhaa hiyo iko chini ya sheria ya tumbaku. Vifuko viliondolewa, kisha vikarudi kwa jina la Velo. Shisha nayo ilipigwa marufuku Desemba 2017, lakini mwaka 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, ikaona marufuku hiyo haina nguvu kwa sababu kanuni zake hazikuwa zimepitishwa Bungeni inavyotakiwa. Tangazo la waziri hutikisa magazeti kwa wiki moja. Kinachosimama mahakamani ni sheria iliyopita njia zake.

Uganda ilichagua njia kali: sheria yake ya mwaka 2015 ilikataza shisha, vepu na tumbaku isiyo na moshi kwa pamoja. Ninaipongeza kwa kuona mbali, lakini kasoro yake ni kwamba sigara, iliyo hatari kuliko nyingi kati ya hizo, imebaki halali. Mvutaji anaambiwa kwamba kilicho na hatari kubwa anaruhusiwa, chenye hatari ndogo hapana.

Basi Bunge lifanye nini? Kwanza, litamke wazi kwamba bidhaa yoyote yenye nikotini, iwe imetokana na jani la tumbaku au imetengenezwa maabara, haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18, haitangazwi, haitiwi ladha za kuvutia watoto, na lazima iandikwe kiasi cha nikotini na onyo kwa Kiswahili kinachosomeka. Pili, kodi ipande kulingana na madhara, na kinachoungua kitozwe zaidi. Tatu, anayetaka kuacha apewe njia. Bazoka na plasta za nikotini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, lakini si rahisi kuzipata kwenye zahanati ya kawaida, wakati sigara moja moja inapatikana kila kona, hata pale sheria inapokataza kuivunja pakiti.

Hatua ya nne haihitaji hata muswada. Wizara za afya zibadilishe swali linaloulizwa kliniki. Badala ya "Unavuta sigara?", mhudumu aulize, "Unatumia tumbaku au nikotini ya aina yoyote, ya kuvuta, kunusa, kutafuna au kuweka mdomoni?" Swali hilo litamfikia mama wa ugoro na kijana wa kifuko kwa pamoja, na linaweza kuanza kuulizwa wiki hii.