Mchango wa Lambalamba



Wapendwa taifa la Mungu, katika vijiji vya mkoa wetu wa Songwe mambo huenda hivi: vifo vikifuatana, mkutano huitishwa, na kila kaya hutozwa mchango ili aletwe lambalamba "kusafisha" kijiji. Watu huulizana kwa makini yupi aliye hodari. Hawaulizi kwa nini ni lazima mchawi apatikane.

Jibu ni rahisi. Mpiga ramli hulipwa kwa kumwona mchawi. Asipomwona, kijiji cha pili hakitamwita. Na anayeonwa mara nyingi ni bibi mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni. Kinachofuata ni kipigo, kufukuzwa, hata kifo.

Wapo Wakristo wanaojitetea: "Tumechangia tu kuepuka lawama." Hoja hiyo hatuikubali. Atoaye ujira ndiye mwajiri. Kwa Sheria ya Uchawi, ya tangu mwaka 1928, kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa. Katekisimu, namba 2116 na 2117, inakataa ramli na uchawi wa kila aina, hata kwa nia ya kuponya. Hatuwezi kupokea Ekaristi Jumapili, na Jumatatu kumlipa lambalamba.

Mtoza mchango akibisha hodi, tukatae. Tukiogopa kusimama peke yetu, tusimame Jumuiya Ndogo Ndogo nzima. Kisha twende kwa yule bibi, tukasali Rozari nyumbani kwake, mchana kweupe, kijiji kizima kikiona.