Padre Yupi Atufungishe Ndoa?



Juma lililopita walifika ofisini kwetu wachumba wawili pamoja na wazazi wa pande zote mbili. Walikuja kuandikisha matangazo ya ndoa, lakini kwa muda mrefu matangazo hayakuguswa. Baba wa kijana alitaka ndoa ifungishwe na mdogo wake, ambaye ni padre wa jimbo jingine. Upande wa binti ulitaka padre mmoja mhubiri ambaye sauti yake husikika redioni. Mama mmoja akatuambia kwa upole uliotuchoma kidogo: "Baba Paroko, usitufikirie vibaya, si kwamba tunakukataa." Wachumba wenyewe walikaa kimya, wakitazama sakafu. Ukimya huo ndio uliotusukuma kuandika tafakari hii.

Tuseme kwanza kwamba kuomba padre mnayemfahamu si kosa. Padre aliyembatiza binti, au ndugu wa damu aliyeitwa katika daraja takatifu, huleta altareni furaha ambayo sisi hatuwezi kuileta. Shaka yetu ni juu ya sababu. Tunapomtafuta padre kama kamati inavyomtafuta mshereheshaji wa ukumbini, kwa sauti yake, vichekesho vyake na namna atakavyoonekana kwenye video, tumesahau ni nani hasa anayefunga ndoa.

Kiswahili chetu kinalijua jambo hili kuliko tunavyodhani. Bibi na bwana ndio wanaofunga ndoa. Padre hufungisha tu. Ndivyo linavyofundisha Kanisa letu la Kilatini: wahudumu wa sakramenti hii ni wanandoa wenyewe, kila mmoja akimpa mwenzake kwa kutoa ridhaa yake mbele ya Kanisa. Padre au shemasi huwauliza ridhaa hiyo na kuipokea kwa jina la Kanisa. Ndiyo maana ndoa iliyofungishwa na shemasi haina upungufu wowote, ingawa wapo wanaonung'unika wakisikia kwamba "wamepewa shemasi". Hata katika simulizi la arusi ya Kana, Mwinjili Yohane hatuambii ni nani aliyeiongoza.

Je, basi yeyote aliyevaa stola aweza kufungisha? Hapana, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Kwa karne nyingi Kanisa lilizitambua hata ndoa zilizofungwa kwa siri, kwa neno la watu wawili tu. Matokeo yake yakawa machungu: mtu aliapa gizani, kisha akakana mchana na kumwoa mwingine, na aliyeachwa hakuwa na shahidi. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ukaagiza ndoa ifungwe mbele ya paroko, au padre mwingine aliyeruhusiwa, pamoja na mashahidi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaendeleza ulinzi huo. Paroko hufungisha ndoa katika eneo la parokia yake; padre mgeni ni lazima apewe mamlaka, yeye kwa jina lake, kwa ajili ya ndoa hiyo. Hata askofu, akiwa nje ya jimbo lake, huhitaji kupewa. Pasipo mamlaka hayo, kwa kawaida ndoa huwa batili, hata kama Misa ilikuwa nzuri na kwaya iliimba vizuri.

Tunaandika haya tukiwa na aibu yetu wenyewe. Katika mwaka wa tatu wa upadre wetu tulialikwa kufungisha ndoa ya rafiki katika jimbo la mbali. Tulidhani bwana harusi amezungumza na paroko. Yeye alidhani tumezungumza sisi. Tukiwa sakristia, tayari tumevaa, katekista mzee akatuuliza: "Baba, mamlaka unayo?" Hatukuwa nayo. Paroko alikuwa kigangoni, na simu haikumpata. Baadhi ya wazee wakatuhimiza tuanze, maana padre ni padre. Tukiri kwamba tulishawishika. Bibi harusi alikuwa ndani ya gari juani, na wageni walikwisha kuanza kutazama saa. Kijana mmoja akatumwa kwa pikipiki. Baada ya muda unaokaribia saa mbili paroko akafika, vumbi hadi kwenye nyusi, akatupa mamlaka kwa maneno machache mbele ya yule katekista. Kwa ndoa moja neno la mdomo latosha. Tangu siku ile hatujaondoka parokiani kwenda kufungisha ndoa bila barua mfukoni.

Fikirini kama tungeanza. Miaka kumi baadaye, nyumba ikiingiwa na ugomvi, mmoja angeweza kugundua kasoro hiyo na kuigeuza mlango wa kutokea. Mwenzake, ambaye aliapa kwa moyo wote, angeambiwa kwamba ndoa ile haikuwapo. Kasoro hiyo inatibika kisheria, lakini ni nani angependa kuishi na deni asilolijua?

Kwa wale wanaooana na Mlutheri au Mkristo wa dhehebu jingine, neno moja: mchungaji aweza kualikwa kusali na kutoa neno la heri, lakini ridhaa haipokelewi na wawili kwa pamoja, wala hairudiwi baadaye katika kanisa la pili. Njooni mapema tuzungumze, kabla kadi hazijachapishwa.

Tukirudi kwa wageni wetu, tuliwaomba wazazi watupishe kidogo, tukawauliza wachumba wao wangependa nani. Binti akamtazama mwenzake, kisha akamtaja padre mzee aliyempa Komunyo ya kwanza, ambaye sasa amestaafu na anatembea kwa mkongojo. Kijana akasema naye alikuwa akimfikiria huyo huyo. Barua ya mamlaka tumekwisha kuiandika. Baba mdogo ataadhimisha pamoja naye. Matangazo ya kwanza yatasomwa Dominika ijayo katika Misa zote, na kazi ya kuwaeleza wajomba habari za mhubiri wa redioni tumewaachia wazazi.