Waje Barazani Kwetu Kwanza

Mwanangu alipolazwa kwa degedege la malaria, nilikesha nikimpangusa kwa kitambaa cha maji. Ndiyo maana nawafuatilia kwa karibu watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, pale Bagamoyo, akiwamo Dk. Dickson Lwetoijera. Hawakukusudia kumuua mbu anayeeneza malaria. Wamebadilisha vinasaba vyake ili tumboni mwake zitengenezwe protini ndogo mbili, moja asili yake chura, nyingine sumu ya nyuki, zinazodumaza vimelea kabla havijafika kwenye mate. Kazi hiyo imefanyika hapa hapa nchini, na naiunga mkono kwa moyo wote. Mbu hao wamefungiwa maabarani. Kabla hajaachiwa hata mmoja, watafiti waje barazani kwetu, wakae mkekani, tuwaulize mpaka tutosheke.