Usimnunulie Mwanao Pepa

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto anayekaa mtihani wa taifa mwaka huu, soma hapa kabla hujatuma hela kwa mtu yeyote. Msimu wa mitihani ukikaribia, makundi ya WhatsApp na chaneli za Telegram huchipuka kila upande, yakiwa na majina ya masomo na mwaka wa mtihani, na yote yananadi bidhaa moja: pepa limevuja, tuma hela kwa namba hii. Bei ya kwanza huwa ndogo, ya kumwezesha mwanafunzi kulipa kwa hela yake ya matumizi. Akishalipa, ataambiwa majibu yanalipiwa peke yake. Akilipia majibu, atadaiwa ada ya kundi la ndani, kule ambako eti ndiko pepa lenyewe liliko. Baada ya hapo namba haipatikani.

Wauzaji hawa wana ushahidi wa kuonyesha, na ndio unaowanasa hata watu wazima wenye akili zao. Watakuonyesha pepa la mwaka jana, likiwa na tarehe ya siku moja kabla ya mtihani. Fahamu wanavyofanya. Telegram humruhusu mwenye chaneli kuhariri ujumbe aliokwisha kuutuma. Anatuma picha yoyote leo, mtihani ukishafanyika kesho anaiondoa na kuweka picha ya pepa halisi, na tarehe ya kwanza inabaki palepale. Anayetazama mwezi mmoja baadaye ataapa kwamba jamaa alikuwa nalo mapema.

Pepa feki litakula hela na usingizi wa mtoto. Linalonitisha zaidi ni pepa la kweli. Septemba 2018, wanafunzi wa darasa la saba Tanzania walifanya mtihani wao wa kumaliza elimu ya msingi. Mwezi uliofuata Baraza la Mitihani likafuta matokeo ya shule zote za msingi za Halmashauri ya Chemba, mkoani Dodoma, na ya baadhi ya shule kwingineko. Uchunguzi ulikuwa umebaini kwamba mtihani ulivujishwa na watu wa elimu wenyewe, na kwamba kundi la WhatsApp lilitumika kuusambaza. Oktoba 8 watoto wakaitwa kurudia. Fikiria yule aliyesoma kwa kibatari mwaka mzima, ambaye hajawahi hata kushika simu janja. Naye alirudi kwenye dawati kwa kosa la watu wazima wenye vyeo.

Ndiyo sababu nakataa kuilaumu simu peke yake. Simu haifungui bahasha. Kuna mtu mzima anayeifungua kabla ya saa, mwingine anayepiga picha, mwingine anayekaa na walimu wa somo kuandaa majibu, na mzazi anayechangishwa hela ya "maandalizi" na kuitoa bila kuuliza inaandaa nini. Teknolojia imewapunguzia tu kazi: zamani pepa lililoibwa lilitembea kwa miguu na kwa basi, sasa linafika wilaya ya tatu kabla msimamizi hajamaliza kuita majina.

Kenya walijifunza hili kwa uchungu. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2015, watahiniwa 5,101 walifutiwa matokeo, na karatasi zilikuwa zimezagaa kwenye simu. Mwaka uliofuata bodi ya baraza la mitihani ilivunjwa na ulinzi wa karatasi ukakazwa. Alama za A, zilizokuwa zaidi ya 2,600 mwaka 2015, zikashuka hadi 141. Siamini kwamba watoto wa Kenya walipoteza akili katika miezi 12. Kila mwenye A ya haki ya mwaka ule wa kwanza alibaki akitazamwa kwa shaka, na hakuna wa kumfidia.

Hata baada ya hapo mwanya mmoja ulibaki. Karatasi za asubuhi na za mchana zilikuwa zikichukuliwa pamoja alfajiri, kwa hiyo ya mchana ilikaa shuleni saa kadhaa, jirani na watu wenye simu. Mwaka 2023 Kenya ikaanza kuzichukua mara mbili kwa siku. Hatua ya namna hiyo nina imani nayo kuliko hotuba: inapunguza muda ambao karatasi iko karibu na kamera. Wakuu wa vituo, jiulizeni leo, kabla msimu haujaanza, ni nani atakuwa peke yake na bahasha, na kwa dakika ngapi. Simu za wasimamizi nazo zikabidhiwe na kuandikwa kwenye daftari, hata ya mkuu mwenyewe. Saa janja zivuliwe mlangoni. Kuna vifaa vya sikioni vidogo kama punje, vinavyozama ndani ya sikio na wakati mwingine kuhitaji daktari kuvitoa. Msimamizi anayetembea polepole kati ya madawati, akitazama midomo inayonong'ona, atavigundua kabla ya mashine.

Kuna wizi mwingine usio na bahasha wala mlinzi, na huu unaingia nyumbani kila jioni. Tangu programu ya akili bandia ya ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mwanafunzi anaweza kuiandikia swali la hesabu akapata hatua zote, au kuagiza insha nzima kabla chai haijapoa. Daftari linajaa vema, mwalimu anaridhika, nawe unafurahi. Utakaposhtuka ni siku ya mtihani, mtoto akiwa na kalamu tu mkononi, na miaka miwili ya kazi za nyumbani haimo kichwani mwake.

Walimu na wahadhiri, nawasihi msikimbilie programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, walikuwa na programu yao ya kutambua, wakaiondoa Julai 2023 kwa sababu ilikosea mno. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na watu kwa jasho lao, ziliitwa kazi ya mashine. Wanafunzi wetu karibu wote wako katika kundi hilo. Kumfukuza kijana chuo kwa ushahidi wa namna hii ni dhuluma.

Njia ya zamani bado inafanya kazi: mwite, mkae, akueleze kwa mdomo alichoandika. Kwa nini umeanza na mfano huu? Hatua ya tatu umeipataje? Aliyefanya mwenyewe atajikwaa kidogo lakini atafika. Insha ianzie darasani kwa mkono, rasimu ibaki kwa mwalimu. Na mzazi asiyejua hesabu za kidato cha tatu anaweza kabisa kumwambia mwanawe, "Nifundishe hili," kisha akasikiliza.

Na kama mwanao tayari yumo kwenye kundi la pepa, usimpige wala usifute ushahidi. Muulize amelipa nani na nani alimwingiza. Hifadhi picha za ujumbe na namba iliyopokea hela, usisambaze faili lolote hata kwa nia ya kuonya, kwa kuwa kusambaza ni kosa lilelile. Peleka kwa baraza la mitihani au polisi. Ukiona jina la mwalimu wake humo, usianzie shuleni.